Watu wa Kati ya Mikondo Miwili

Siku niliyoripoti kazini Garsen, Afisa wa Takwimu wa Wilaya alinitazama kuanzia buibui hadi vumbi la miguuni, kisha akaniuliza kama sijakosea ofisi.

"Nilimngoja mwanamume," akasema. "Kazi hii ni ya matope, mbu na mamba."

"Mimi ni mzaliwa wa Kipini, bwana," nikamjibu. "Mbu ndio waliotulea, na mamba tunawajua tangu utotoni."

Hakucheka. Aliondoa rundo la karatasi juu ya kiti cha pili, akakipangusa kwa mkono, akanionyesha nikae. "Haya. Kesho alfajiri tunavuka mto."

Ndivyo nilivyoanza kuchora ramani za sensa, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikanigeuka nyeupe. Nawaandikia ninyi mnaoingia kazini sasa, mliozoea kushika tableti na kuona nukta ya buluu ikiwaonyesha mlipo. Sina ugomvi na tableti. Nataka tu mjue jinsi nukta hiyo ilivyotafutwa kabla yenu, na kwa nini watu wa Garsen na vijiji vyake walinifundisha kutokukubali jibu la kwanza.

Watu wengi humjua karani wa sensa tu, yule anayebisha hodi na kuuliza maswali. Lakini kabla karani hajafika mlangoni, lazima mchora ramani awe amepita. Nchi nzima hukatwa vipande vidogo, tunaviita maeneo ya kuhesabia, na kila kipande hupewa karani mmoja. Mipaka yake lazima ionekane kwa macho: barabara, mfereji, ukingo wa msitu, mto. Mstari wa kudhania hauruhusiwi, kwa sababu karani mgeni hatauona. Halafu kuna kaya. Kaya si nyumba. Ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkubwa mmoja. Boma moja la Waorma laweza kuwa na kaya kadhaa, na nyumba moja ya kupanga pale Garsen mjini yaweza kuwa na kaya kila chumba. Dhambi zetu kazini zilikuwa mbili tu: kumhesabu mtu mara mbili, au kumwacha. Ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, maana aliyeachwa hajui kwamba ameachwa mpaka siku atakapohitaji kitu.

Alfajiri ile tulivuka kwa mtumbwi. Afisa alikuwa na dira shingoni na picha za angani, zile zilizopigwa kutoka kwenye ndege, amezizungushia nailoni. Mimi nilibeba karatasi za kunakilia na penseli. Tulitembea ukingoni hadi jua likatuwakia kichwani, yeye akisimama kila penye kona ya mto, akilinganisha picha na alichokiona, kisha akitikisa kichwa.

"Bi. Mwanaidi," akaniambia, "mto huu tumeufanya mpaka kwa sababu hapa uwandani hakuna kingine kinachoonekana. Lakini hauna adabu. Mvua ikinyesha kule juu milimani, huku chini unahama. Kila msimu chora upya."

Ukitazama ramani, Garsen ni kituo tu mahali ambapo barabara ya kwenda Lamu inakutana na mto Tana. Ukikaa hapo unaona mengi zaidi. Wapokomo wamejipanga kando ya mto kwenye vijiji vilivyoshikana, kama Hewani, na nyuma yao mpunga, migomba na miembe. Waorma wako uwandani na ng'ombe wao, na kiangazi kikikaza wanashuka kwenye majani ya delta. Wasomali wana maduka mjini, Wagiriama wana mashamba na mikono ya kazi, na sisi Waswahili wa Kipini tuko kule mto unapoingia baharini. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Changu cha kimwambao kiliwafanya wacheke, hasa nilipoomba maji kwa adabu ndefu wakati wao walitaka nitaje nilichokitaka. Baada ya muda nilijifunza kusema kifupi.

Jambo moja nililolijua mapema ni kwamba idadi ya watu wa Garsen inategemea mwezi. Ukienda wakati wa kiangazi, ukingo umejaa. Ukienda baada ya mvua, unakuta majivu baridi na alama za kwato. Wakubwa wetu mjini hawakupenda kusikia hivyo. Walitaka jibu moja, nasi tulikuwa na majibu ya kila msimu.

Kutoka Garsen nilihamishiwa Hola, kisha nikapelekwa Bura, ambako nilichora maeneo ya mifereji ya kunyweshea mashamba na uwanda wa Chewele. Huko bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Kazi za Nje, mwanamke wa bara aliyetembea haraka kuliko vijana wote wa ofisi. Ndiye aliyenifundisha kuuliza swali moja kila nilipofikiri nimemaliza kijiji. "Waulize, nyuma ya nyumba ya mwisho kuna nani?" alisema. "Na wakisema hakuna, nenda ukaone." Mara nyingi kulikuwa na mtu. Mjane aliyejitenga. Wachoma makaa. Familia iliyofukuzwa na ndugu zake.

Sitaficha kwamba kazi ile ilinigharimu. Watoto wangu walilelewa na mama yangu Kipini, na mume wangu, mwalimu, alinizoea kama mtu anavyomzoea mgeni wa mwisho wa mwezi. Baada ya Bura nilikaa Malindi kwenye meza ya kunakili ramani, kazi safi, yenye chai saa nne na feni juu ya kichwa. Nilipoitwa kurudi Garsen niwe Msimamizi wa Ramani, wenzangu walinipa pole. Mimi nilifunga mizigo siku ile ile.

Nilirudi baada ya mafuriko. Maji yalikuwa yamekwisha kushuka, lakini matope yalikuwa bado kwenye kuta za maduka. Nilianza kupitia mipaka yote ya ukingoni, kama nilivyofundishwa. Kaskazini kidogo ya mji, palipokuwa na kona kubwa ya mto iliyojikunja kama mundu, nilikuta kona imekatika. Mto ulikuwa umepasua shingo yake na kupita moja kwa moja. Mkondo wa zamani ulibaki na maji pia, yakienda polepole. Katikati ya mikondo hiyo miwili palibaki ardhi yenye umbo la tumbo, na moshi ulikuwa unapanda kutoka huko.

Nilivuka. Upande mmoja wa ardhi ile palikuwa na kijiji cha Wapokomo kiitwacho Vukoni. Upande wa pili palikuwa na maboma ya Waorma, mahali walipopaita Malka Odha. Malka ni njia ya ng'ombe kutoka uwandani hadi penye maji, njia pana inayopita kati ya mashamba, na bila hiyo mfugaji wa Tana hana mifugo. Kabla ya mafuriko, Vukoni ilikuwa chini ya naibu wa chifu wa lokesheni ya mashariki, na Malka Odha, ingawa ilikuwa upande huo huo wa mto, ilitumia huduma za lokesheni ya magharibi. Ramani ilisema mpaka wa lokesheni hizo mbili ni mto. Sasa mito ilikuwa miwili.

Mwanamke kijana wa Kiorma, Habona, alinikaribisha maziwa nje ya nyumba yake. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne Hola, akarudi kuolewa.

"Wewe ni wa chakula cha msaada?" akaniuliza.

"La. Mimi ni wa ramani."

"Ramani." Aligeuka akatazama maji. "Dada yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa hapa hapa. Tulimbeba mpaka ukingoni. Mashua ya zahanati ya magharibi ina vijiji vyake, ya mashariki ina vijiji vyake. Tulipiga simu huku, wakatuambia piga kule. Tukapiga kule, wakatuambia piga huku. Mtumbwi ukapatikana kwa Mzee Komora wa Vukoni. Tulipofika ng'ambo, alikuwa ameshakata roho. Na mtoto pia."

Nilishika kikombe cha maziwa nisijue pa kukiweka.

"Sisi tunazaa hapa, mama," akasema. "Tunazika hapa. Lakini serikali inapoandika watu, hatuko."

Nilitoka pale nimekata shauri. Nilimwendea naibu wa chifu wa mashariki. Akaniambia mto ni ule mpya, kwa hiyo watu wale wamehamia magharibi. Nilimwendea wa magharibi. Akaniambia mto ni ule wa zamani, kwa hiyo wako mashariki kama walivyokuwa. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Wa mashariki aliniambia ukweli wake nilipombana. "Mama, mtu akifa kule ni mimi nitakayeulizwa, na sina mashua ya kufika kule. Kwa nini nikubali lawama ambayo sina uwezo nayo?"

Niliandika mapendekezo kwa Mkuu wa Ramani wa Mkoa, nikataka ardhi ile iwe eneo la kuhesabia linalojitegemea. Aliniita Malindi. Alikuwa mzee wa kupenda utaratibu, suruali yake daima ina mkunjo wa pasi, na alikuwa ameokoa kazi nyingi mbovu kwa sababu ya utaratibu huo huo.

"Kila eneo lazima liwe chini ya naibu wa chifu mmoja," akasema. "Bila sahihi yake, karani hana wa kumwongoza. Acha wazi mpaka wizara iamue mto ni upi."

"Nikiliacha wazi, bwana, watu watabaki wazi."

"Sensa haingoji, Bi. Mwanaidi."

"Basi nipe ruhusa niitafute hiyo sahihi. Na wewe uje uone mwenyewe kabla hujafunga ramani."

"Itafute," akasema. "Nikiona umeipata, nitakuja."

Niliita mkutano kwenye gati la mitumbwi la Vukoni, nikawaalika watu wa pande zote mbili na manaibu wa machifu wote wawili. Wa magharibi hakuja. Wa mashariki alikuja, akasimama nyuma kabisa. Wapokomo walikuja na Mzee Komora, mzee wa kijiji, mkulima mfupi mwenye sauti nzito. Waorma walikuja na Abba Guyo, mkubwa wa maboma, aliyeegemea fimbo yake ndefu na kuongea kwa nadra.

Nilieleza nilichokuja kutafuta. Wote wakakubali kwamba wanataka kuandikwa. Nikadhani kazi imekwisha. Kisha nikauliza, eneo hili tuliandike jina gani?

"Vukoni," akasema Mzee Komora. "Ndilo jina lake."

Abba Guyo akainua kichwa. "Hapa ni Malka Odha. Ukiandika Vukoni, kesho hii yote iko shamba. Njia ya maji iko fungwa. Ng'ombe yetu itakunywa wapi?"

"Na ukiandika Malka," akajibu Komora, akinigeukia mimi badala ya kumjibu mwenzake, "kesho serikali itasema hapa ni malisho. Ng'ombe watalala ndani ya mpunga wangu, na mimi nitaambiwa nimevamia."

Sauti zikapanda. Mtu fulani nyuma alitaja mahindi yaliyoliwa mwaka uliopita. Mwingine akataja ndama aliyekutwa na jeraha la panga. Vijana wa pande zote walianza kusogea, na niliona fimbo zikibadilishwa mkono, kutoka wa kuegemea kwenda wa kupigia. Naibu wa chifu akanijia haraka. "Mama, vunja mkutano. Vunja sasa hivi, kabla damu haijamwagika."

Nilijua nikivunja, sitaupata tena, na karani hatakanyaga pale. Niliingia katikati yao, nikafungua mkoba wangu, nikatoa karatasi nyeupe, nikaishika juu ili kila mtu aione.

"Hapa hakuna jina," nikapaza sauti. "Sitaandika jina leo. Leo nitaandika njia ya maji. Mzee Komora, Abba Guyo, nitembezeni. Ninyi wawili mbele, mimi nyuma yenu. Ambaye hataki kutembea, arudi nyumbani, na nitaandika kile wenzake watakachonionyesha."

Abba Guyo alianza kutembea, na Mzee Komora, asiyetaka kuachwa nyuma kwenye ardhi yake mwenyewe, akamfuata. Watu wote wakajivuta nyuma yetu.

Tulianzia kule malka inapotoka uwandani. Nilitumia dira, nikachora, nikauliza upana. Wazee walijibu kwa zamu, mwanzoni kwa hasira, kisha kwa haraka tu ya watu wanaojua wanachokisema. Hapa njia inapita kando ya kisima. Hapa inapinda. Walikuwa wanakubaliana karibu kila mahali, na hilo lilinishangaza mimi na wao pia. Mpaka tulipofika karibu na maji. Katikati ya njia, palepale ng'ombe wanapopaswa kupita, palikuwa na migomba michanga imepandwa safu safu.

Kila mtu akasimama.

"Nani aliyepanda?" Abba Guyo akauliza kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele za mwanzo.

"Mimi," akasema Mzee Komora. Aliweka mkono kwenye jani la mgomba mmoja. "Shamba langu la zamani limo ndani ya mto sasa. Nilipanda hapa kwa sababu hapa pekee palibaki na udongo mzuri. Nilijua ni njia. Sikuwa na pengine."

Abba Guyo alitazama migomba, akatazama maji ya mkondo mpya yaliyokuwa yakipita juu ya shamba lililozama. Kisha akasema, "Ile mahindi yako. Mwaka jana. Ilikuwa ng'ombe yangu. Kijana alilala, ng'ombe ikaingia. Mimi sikukuja kwako."

"Hukuja," akasema Komora.

"Sasa nimekuja."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee hawa wawili walisogea pembeni wakazungumza wenyewe, kila mmoja akionyesha kwa fimbo au kwa mkono. Waliporudi, Komora aliniambia nichore njia ikizunguka migomba kwa upande wa kaskazini, palipo na mteremko. Ng'ombe wangepita huko, na upande huo yeye wala mwanawe wasipande chochote. Abba Guyo akatikisa kichwa kukubali, kisha akaongeza sharti moja: msimu wa mavuno, vijana wa Kiorma watakaowapeleka ng'ombe majini wawe watu wazima, si watoto. Nikachora ule mpindo. Nikaionyesha karatasi yangu kwa kila aliyetaka kuona, na wengi walitaka. Halafu nikauliza tena habari ya jina, nikijiandaa kwa vita vya pili.

"Andika yote mawili," akasema Komora kwa kuchoka. "Nani atasoma? Andika tu."

Nikaandika Vukoni na Malka Odha.

Naibu wa chifu wa mashariki, aliyetembea nasi njia yote, alinikuta pembeni. "Nikitia sahihi, mashua itapatikana?"

"Sikuahidi," nikamwambia. "Lakini bila sahihi hakuna atakayeombewa mashua."

Alitia sahihi akiwa amepiga goti moja mchangani, karatasi juu ya paja.

Mkuu wa Ramani wa Mkoa alitimiza neno lake. Alikuja na suruali yake yenye mkunjo, akavuka kwa mtumbwi wa Mzee Komora, akashika kingo zote mbili kwa mikono miwili. Alitembea malka yote. Alinitajia kasoro mbili, na zote zilikuwa kweli: jina lilikuwa refu kuliko nafasi ya kuandikia, na katika alama zetu rasmi hapakuwa na alama ya malka. Tulibishana kuhusu hiyo alama mpaka tukarudi gati. Yeye alitaka tutumie alama ya njia ya miguu. Mimi nilisema njia ya miguu hufungwa mtu akijenga, malka ikifungwa watu huuana. Mwishowe alichukua penseli yangu, akachora mistari miwili yenye nukta katikati, akaeleza chini yake kwa mwandiko wake mzuri kwamba hii ni njia ya mifugo ya kudumu.

"Wakiniuliza Nairobi," akasema, "nitasema nimeiona kwa macho yangu."

Karani wa eneo lile alikuwa Habona. Nilimpendekeza mimi, na Mzee Komora aliunga mkono kabla sijamwomba, kwa kuwa alisema binti huyo hana kelele. Aliwahesabu Wapokomo na Waorma kaya kwa kaya. Aliponirudishia kazi yake nilipitia kila ukurasa, kama nilivyompitia kila karani, na niliona alipoandika nyumba yake mwenyewe mwandiko ulikuwa mzito, maana ndani ya kaya ile palikuwa na mtoto wa marehemu dada yake, mkubwa wa yule aliyekufa tumboni. Nilimshika bega tu.

Mashua haikuja mwaka ule. Ilikuja baadaye, ya injini, ikiwa na jina la lokesheni ya mashariki ubavuni, na zahanati ya kuhamahama ikaanza kufika siku zilizopangwa. Wanawake wa Vukoni na Malka Odha walianza kupanga foleni moja. Ugomvi wa mifugo na mashamba haukuisha. Haujaisha hadi leo, na anayewaambia umeisha hajafika Garsen wakati wa kiangazi. Lakini ugomvi ulipozuka, watu waliuliza mpindo uko wapi, na kulikuwa na jibu.

Nilistaafu kazi nikiwa bado Garsen. Katika sherehe ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na kuniambia nipumzike. Nilirudi Kipini, nikapanda bustani ndogo, nikajifunza upya kuishi na mume wangu kila siku ya juma. Alishangaa kwamba napika vizuri. Nilishangaa kwamba anakoroma.

Kustaafu kumenionyesha jambo ambalo ofisini sikuwa na muda wa kulifikiri. Ramani haimalizwi na mchoraji. Kila mafuriko, kila kiangazi, kila mtu anayehamisha chungu chake, ramani inazeeka. Ninyi mliopo kazini ndio mnaotunza kazi yetu, na kuitunza maana yake ni kuifuta na kuichora tena bila kuona haya. Anayeshikilia ramani yangu ya zamani akidhani ananiheshimu, ananitukana.

Mwaka huu kaunti iliitisha kikao cha maoni kuhusu mipaka ya manispaa ya Garsen. Mkwe wangu alinipeleka. Ukumbini walitundika picha kubwa ya setilaiti, nzuri sana, yenye mstari mwekundu kuuzunguka mji. Niliitazama kwa furaha ya mtu aliyewahi kuchora kwa penseli. Kisha nikaona mstari unapita nje ya kambi ya waliohamishwa na mafuriko ya karibuni, wale waliopiga mahema kando ya barabara na wamekaa huko hadi watoto wameanza kusoma.

Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti wa kikao, kijana mwenye heshima, akanipa kipaza sauti.

"Watu wa kambini wako wapi kwenye picha hii?" nikauliza.

"Mama, wale ni wa muda. Watarudi makwao maji yakitulia."

"Wewe umewauliza?"

"Wewe unatoka ofisi gani, mama?"

"Mimi nimestaafu," nikasema. "Natoka Kipini. Ila nimeuliza."

Nilikuwa nimeuliza kweli, kwenye mahema, kabla ya kikao kuanza, na nikawaomba waje. Nikageuka nyuma. Mwanamke mmoja wa Kipokomo alisimama, akataja jina lake na mahali anapolala. Akafuata mzee wa Kigiriama. Akafuata mwanamke wa Kiorma mwenye mtoto mgongoni. Walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Wengine walikuwa nje ya ukumbi na walisema kupitia dirishani. Kila mmoja alitaja jina, mahali pa hema lake, na watu wanaokula chungu chake. Makarani wa kikao waliacha kuandika, wakasikiliza, kisha wakaanza kuandika tena kwa kasi.

Mwenyekiti alisubiri mpaka wa mwisho akakaa. Aliinamiana na wenzake, wakanong'onezana.

"Kikao kimeahirishwa kwa upande huu wa mpaka," akatangaza. "Kesho tutakwenda kambini wenyewe."

"Kwa miguu," nikasema. "Gari halifiki mahema ya nyuma."

Watu walicheka, yeye pia. Nililala kwa jamaa zangu Garsen. Asubuhi, nilipofika barabarani na bakora yangu, niliwakuta wamekwisha kufika, wamekunja suruali hadi magotini. Mmoja wao alikuwa kwenye hema la mwisho kabisa, ameinama kuzungumza na mama aliyekuwa akiwasha moto, na nilimsikia akiuliza, "Na nyuma ya hapa, mama, kuna nani mwingine?"